Njia ambazo nkambo wanazijua

Wiki iliyopita tuliongea juu ya kifua cha watoto wakati wa baridi ya mwezi wa sita. Wiki hii tunatoka nje ya nyumba, tunavaa viatu vya soli ngumu na kwenda kutembea. Lakini kabla ya kutembea, tuangalie kwanza daftari moja.

Kiangazi kimoja tuliwaambia watoto wa mwaka wa tano wa primeri wachore ramani ya kartiye yao. Mtoto mmoja alichora nyumba yao, butiki, masomo, kanisa, barabara ya makaminyo na ukuta wa kampuni. Nyuma ya nyumba za mwisho, upande wa kilima, aliacha karatasi nyeupe. Tukamwuliza: "Na hapa?" Akajibu: "Hapa hakuna kitu, mwalimu." Tukafungua ramani ya telefoni ili tumsahihishe. Telefoni nayo ilisema vilevile. Ilionyesha rangi moja, bila jina na bila njia.

Jioni tulipita kwao tukamwonyesha nkambo yake daftari lile. Alilishika mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akaweka kidole pale peupe, akaanza kuhesabu. Hapa ni chemchemi ya maji, tulikuwa tunachota kabla ya bomba. Hapa ni mti wa kupumzikia tulipotoka shamba na mizigo ya mihogo. Hapa wazee wa zamani waliyeyusha shaba, mawe yao meusi yako bado. Na hapa, akanyamaza kidogo, hapa tulimzika mtoto wangu wa pili.

Mwanafunzi wetu alikuwa amesimama mlangoni. Siku ile ndipo alipojua kwamba baba yake alikuwa na kaka.

Tangu jioni ile tumeshika neno moja, nalo ndilo tunalotaka kuwaachia wiki hii. Katika nchi yetu ya shaba, mahali pasipo jina huhesabiwa kuwa patupu, na mahali patupu hutafutiwa kazi upesi. Kesho yake inakuja trekta, au wanakuja vijana na masululu. Kwa hiyo kazi ya kuandaa njia ya kutembea na watoto wetu, njia inayopita mahali penye historia ya kwetu, si mchezo wa watalii. Ni kazi ya kutaja majina ya mahali kabla wanaoyajua hawajaondoka.

Shaba ilikuwa na watu kabla ya kuwa na kampuni

Watoto wetu wanafundishwa kwamba mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Ni kweli. Wanafundishwa pia kwamba mtaalamu wa mawe kutoka Ubelgiji, Jules Cornet, alipita Katanga mwaka 1892 na kuandika mahali shaba ilipo. Nayo ni kweli. Lakini Cornet hakuikuta nchi imelala. Alikuta mashimo ambayo wenyeji walikuwa wakiyachimba tangu zamani, na ramani zilizofuata zikabeba majina ya shaba kuliko majina ya watu.

Wazee wa Basanga walikuwa na msemo wa kazi yao: kula shaba. Walipomaliza mavuno na mvua ilipokatika, watu walihamia karibu na mashimo. Wanaume walichimba. Wanawake na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, juu ya ardhi na kulichagua. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ikawashwa kwa makaa ya mti mgumu na kupulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Shaba ilimiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba. Misalaba ile ilikuwa pesa. Ilinunua chakula, ililipa mahari, na katika makaburi ya kale ya Upemba, karibu na ziwa Kisale, wachimbuzi wa miaka ya 1950 waliwakuta wafu wamezikwa nayo. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera, na mwaka 1961 msalaba ukachorwa juu ya sarafu. Hivyo kitu kilichotoka kwenye tanuru za nkambo zetu kilikuwa na heshima hata kwa wanasiasa, lakini mahali penyewe zilipowaka tanuru hizo hapakupewa kibao.

Angalieni jambo moja, wamama. Zamani mwanamke aliokota na kuchagua malakiti. Leo, ukifika mtoni karibu na machimbo, utamkuta mwanamke ameinama anasafisha na kuchagua madini. Ni kazi ileile ya mikono ileile. Binti zetu wakitembea njia hii na kusikia hivyo, wataelewa kwamba historia ya shaba si ya kofia za plastiki na makaminyo peke yake. Mama alikuwa ndani tangu mwanzo.

Telefoni inajua nini, nkambo anajua nini

Wengi wenu mtasema: "Mwalimu, ramani ni kazi ya maenjinia." Hapana. Telefoni ndogo yenye kioo, hata ile iliyopasuka pembeni, inatosha. Na jambo ambalo wamama wengi hawajui ni hili: GPS ya telefoni haili mega. Inasikiliza satelite moja kwa moja, bila unite na bila mtandao. Kinachokula mega ni kupakua ramani. Kwa hiyo pakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha utembee siku nzima bure. Sisi tunatumia OsmAnd, programu inayokubali ramani ikae ndani ya telefoni na inayoandika kila hatua unayopiga. Ukirudi nyumbani unaona mstari: ndio njia uliyotembea, na umbali wake, na ulipopanda na uliposhuka. Kitu kimoja tu kinaliwa sana, nacho ni bateri. Beba telefoni mbili, moja iwe imezimwa.

Telefoni inajua mahali ulipo kwa kukosea mita chache tu mahali pa wazi, na hukosea zaidi chini ya miti minene au kando ya ukuta mrefu. Lakini haijui kwa nini mahali hapo pana maana. Hilo linajulikana na nkambo. Kwa sababu hiyo tunashauri kila kikundi kianze bila telefoni kabisa.

Siku ya kikao cha likelemba, baada ya kuhesabu franka, fagieni uwanja na muwaite wamama wakubwa watatu au wanne. Chukueni majivu mchore barabara kubwa na mto. Kizibo cha chupa kiwe chemchemi, punje ya mahindi iwe kaburi, jiwe liwe mti mkubwa au kilima. Waacheni wabishane. Tulipofanya hivyo, wazee wawili walishindana karibu saa nzima juu ya mahali njia ya zamani ilipovuka kijito, na katika mashindano yale tulipata majina manne ya mahali ambayo hatukuwahi kuyasikia, moja la Kisanga na moja la Kicokwe kwa mahali palepale. Tuliandika yote mawili. Msichague jina moja na kuua lingine. Kolwezi ni mji wa watu waliokuja kutoka pande nyingi, na kila mmoja alikuja na jina lake.

Mkimaliza, pigeni picha ya uwanja kutoka juu ya kiti. Hiyo ndiyo ramani yenu ya kwanza.

Kutazama kutoka juu

Hatua ya pili ni kuilinganisha na picha za satelite. Picha hizi ziko bure. Satelite za Landsat zinapiga picha za dunia tangu mwaka 1972, na zile za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2 zinapita juu yetu kila baada ya siku tano hivi. Kijana wa sekonderi mwenye subira anaweza kuwaonyesha kwenye kompyuta ya masomo au ya siberi. Mwambieni awaonyeshe mahali pamoja kwa miaka mbalimbali. Mtaona shimo lilivyoanza kama kidonda kidogo, mwaka mwingine likawa kubwa kama kartiye. Siku tuliyoyaona hayo na wamama wenzetu, chumba kilinyamaza. Mmoja wetu alisema tu: "Kumbe shamba la mama lilikuwa pale katikati."

Kutoka juu mtaona pia vilima visivyo na miti katikati ya msitu wa miombo. Mara nyingi hiyo ni dalili ya shaba udongoni, kwa kuwa miti mingi haivumilii sumu yake. Lakini kuna mimea inayovumilia. Mmoja ni Haumaniastrum katangense, ua la zambarau ambalo wataalamu wanaliita ua la shaba. Linapenda udongo wenye shaba, hata ule uliochafuliwa na tanuru za kale, na wachunguzi wa mambo ya kale wamelifuata ili kupata mahali wazee walipoyeyushia. Mfundisheni mtoto ua hili naye ataanza kusoma ardhi kama anavyosoma kitabu. Mwonyeni tu asiling'oe.

Hatua ya tatu msiiruke: jueni ardhi iko mikononi mwa nani. Cadastre Minier, ofisi ya serikali inayoandika vibali vya madini, iko na ramani ambayo kila mtu anaweza kuitazama kwenye intaneti. Nchi imegawanywa katika miraba, kila mraba karibu hekta 85, na kila kibali kinaonyesha miraba yake. Wekeni njia yenu juu ya ramani hiyo. Ikiwa inaingia katika kibali cha mtu, msipite kwa kujificha na watoto. Andikeni barua ya kuomba ruhusa, au pindisheni njia. Shimo la wazi, kaminyo linalorudi nyuma, vumbi la barabara ya madini, maji yenye rangi ya kijani au buluu: hivyo vyote havimjui mtoto wa nani ni yupi. Njia nzuri ya familia inakaa mbali navyo, hata ikiwa kilima kizuri zaidi kiko upande ule.

Siku ya kutembea

Tulikwenda wamama sita, vijana wawili wa sekonderi, na nkambo yetu. Tulimweka juu ya baiskeli, kijana mmoja akaisukuma. Tulikuwa tumeogopa kwamba atachoka. Waliochoka ni sisi. Kila hatua mia alisema: "Simameni." Na kila aliposimama, kijana mwingine alibonyeza telefoni, akaandika nukta, akapiga picha, na mmoja wetu akaandika daftarini maneno ya nkambo kama alivyoyasema, bila kuyatengeneza.

Chemchemi ilikuwa imekauka nusu, lakini mawe ambayo wamama walisugulia nguo yalikuwa yamebaki laini. Mti wa kupumzikia ulikuwa umekatwa kwa makaa. Nkambo aligusa kisiki kwa mguu akasema twende. Penye tanuru tulikuta mavi ya shaba, mawe meusi mazito yenye matundu, na vipande vya udongo uliokauka kwa moto. Tuliviacha palepale. Kisha tukafika makaburini. Hakukuwa na misalaba wala saruji. Kulikuwa na sufuria za zamani zilizotobolewa, na mafungu ya mawe chini ya majani marefu. Nkambo aliyataja makaburi kumi na moja kwa majina, mengine na jina la mama wa marehemu. Tuliyaandika yote.

Nyumbani tulihesabu. Mstari ulikuwa na kilomita sita. Watoto wanatembea kilomita tatu kwa saa ikiwa hawakimbizwi, basi ni masaa mawili. Kwa kila mita 100 za kupanda ongeza dakika kumi. Njia yetu ilipanda mita 120 hivi, basi dakika kumi na mbili. Vituo sita, kila kimoja robo saa, ni saa moja na nusu. Jumla ni karibu masaa manne. Ndiyo maana tunaanza asubuhi mapema, tunabeba maji lita moja kwa kila mtoto, mihogo ya kuchemsha, na munkoyo kidogo kwa wakubwa mwishoni. Wakati mzuri ni mwezi wa tano hadi wa saba. Mwezi wa nane na wa tisa moto wa msituni unapita bila kubisha hodi, na mvua zikianza udongo unateleza.

Msiweke vituo ishirini. Mtoto anakumbuka vitano au sita. Na kila kituo kiwe na mtu wake wa kukisimulia. Usiwe wewe mwalimu unayesimulia kila kitu, kwa sababu hiyo itakuwa darasa tena.

Kosa letu

Sasa tufike penye aibu, kwa kuwa ukurasa huu haukuandikwa ili tujisifu.

Tulirudi tukiwa na furaha. Usiku uleule mmoja wetu aliituma njia yote kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na nukta zake zote, na picha za mawe ya tanuru, na neno moja: shaba. Hatutasema ni nani, kwa kuwa hakuna aliyemzuia. Sote tuliandika "Asante" na kuweka mikono ya kupiga makofi. Picha ikatoka kundi hili ikaingia lile. Baada ya siku tisa tulipata habari kwamba vijana walikuwa wamekwenda na masululu. Walichimba penye tanuru. Walipokosa walichotafuta, wakasogea upande wa makaburi.

Tungepaswa kujua. Nani katika Kolwezi hajui habari ya Kasulo? Mwaka 2014 jiwe lilipatikana ndani ya uwanja wa nyumba, na baada ya muda mfupi kartiye nzima ilikuwa na mashimo, ndani ya nyumba, chini ya vitanda, hadi njia zenyewe. Vijana wale si adui zetu. Ni watoto wetu, wengine tuliwafundisha kusoma, na njaa ndiyo iliyowatuma. Sisi tuliwapa anwani.

Tulikwenda kumwambia nkambo sisi wenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Alikuwa akichambua sombe. Aliendelea kuchambua kwa muda mrefu. Mwishoni aliuliza: "Yale majina mliyoandika, mnayo bado?" Tukasema tunayo. Akasema: "Basi nendeni nayo kwa wakubwa."

Tulinakili majina kumi na moja kwa mkono mzuri, tukachapisha ramani moja tu, tukaenda kwa shefu wa kartiye. Alianza kwa kutuambia kwamba kule ni pori. Tulimpa karatasi. Alisoma jina la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la sita akasimama, akasema: "Huyu ni mama mdogo wa mama yangu." Kesho yake alikwenda mwenyewe pamoja nasi na wazee wawili, na vijana wakaondoka bila ugomvi. Walikuwa wamefungua kaburi moja. Tulilifunika, na mchungaji na mzee wa ukoo walisema maneno yao. Tanuru haikurudi. Yale mawe meusi yamesambaa, na hakuna telefoni inayoweza kuyapanga tena kama nkambo alivyoyajua.

Ramani tatu

Kwa hiyo leo hatutengenezi ramani moja. Tunatengeneza tatu.

Ya kwanza ni ya kila mtu. Ndani yake tunaweka masomo, kituo cha afya, visima, vivuko, njia za miguu, na majina ya vilima na vijito. Tunaiweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo watu wa kawaida wanaichora wenyewe tangu 2004 na kila mmoja anaitumia bure. Si sisi wa kwanza. Nairobi, vijana wa Kibera waliona kwamba mtaa wao wenye watu wengi sana ulikuwa doa tupu kwenye ramani, na mwaka 2009 walianza kuuchora kwa kutembea na GPS mkononi. Tanzania, kazi inayoitwa Crowd2Map ilianza mwaka 2015 kuchora vijiji na njia zake, na sababu mojawapo ilikuwa wasichana wanaokimbia kukeketwa: anayetaka kumfikia msichana usiku lazima ajue kijiji kiko wapi. Wamama, hapo mtaona kwamba njia ndogo ya miguu kwenye ramani inaweza kuwa uhai wa mtu. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anahitaji njia hiyohiyo.

Ya pili ni ya watembeaji. Ina mstari wa njia na vituo ambavyo haviwezi kuibiwa: chemchemi, kivuko, mahali pa kutazama, reli ya zamani, mti. Tunaitoa kwenye karatasi kwa watoto na wazazi.

Ya tatu haiingii kwenye telefoni ya mtu. Iko katika daftari mbili, moja kwa mama mkubwa wa kikundi na moja kwa shefu wa kartiye. Ndani yake kuna makaburi, mahali pa tambiko, mahali pa tanuru ambazo hazijaguswa. Mwenyewe wa mahali ndiye anayesema nani aione. Ndiyo maana mmesoma ukurasa huu hadi hapa na hatujawaambia kilima chetu kinaitwaje.

Na ramani hizi si za kutembelea tu. Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka kampuni inayochimba iandikiane na wenyeji yale itakayowafanyia, na itenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya watu wa mahali. Mikutano hiyo inafanyika. Mara nyingi mwanamke anakaa nyuma, na akisema "kule tuna njia yetu ya maji" anaulizwa: "Kule wapi?" Siku hiyo fungua karatasi yako, weka kidole, sema: hapa, kilomita moja na nusu kutoka masomo, chemchemi inaitwa hivi, wamama wa kartiye hii wanapita hapa. Utaona jinsi sauti za chumba zinavyobadilika.

Wengine watauliza juu ya mahali pakubwa pa mkoa wetu: Bunkeya ya mfalme Msiri, aliyeuawa Desemba 1891, Musumba ya Mwant Yav kule Kapanga, makorongo ya Nzilo ambako Lualaba inapasua mawe, na bwawa lililoanza kazi mwaka 1952. Hayo tutayaandalia safari kubwa na gari, siku tutakapokuwa na pesa na ruhusa. Lakini mtoto asiyejua kilima cha nyuma ya nyumba yao ataenda Bunkeya kama mgeni wa kila mahali. Tuanze nyuma ya nyumba.

Kazi ya wiki hii

Tunawaomba mambo matatu tu. Jumamosi ya salongo, baada ya kufagia, chukueni majivu na vizibo, muwakalishe nkambo wawili chini ya kivuli. Andikeni majina kumi ya mahali, kila jina na lugha yake na mtu aliyelitaja. Kisha kabla ya kutuma picha yoyote kwenye kundi lolote, ulizeni: nikiituma hii, nani atakwenda pale, na atakwenda na nini mkononi?

Nkambo yetu bado yuko. Kiangazi hiki miguu imekataa, hata baiskeli haiwezi tena. Yule mwanafunzi wa daftari sasa yuko sekonderi, na ndiye anayesimulia kituo cha mwisho. Hatuwafikishi watoto makaburini kwenyewe. Tunasimama mbali kidogo, penye kisiki cha mti, na anaelekeza mkono tu. Anasema: "Kule kuna watu kumi na moja. Mmoja ni kaka wa baba yangu." Kisha anataja jina lake.

Wiki ijayo tutaongea juu ya mihogo michungu na namna ya kuiloweka vizuri. Mbaki salama, wamama, na msisahau kofia za watoto.